Kugeuka na Kupotea: Mshairi wa Roma na Matanuru ya Ufipa



Jioni hii nataka kuwasimulia habari mbili ambazo kwa kuzitazama mara moja hazina udugu wowote. Ya kwanza ni habari ya mshairi wa Kirumi aliyeishi karibu na wakati wa kuzaliwa Bwana Yesu. Ya pili ni habari ya matanuru ya udongo ambamo wazee wetu wa Ufipa waliyachoma mawe hata yakawa chuma. Huenda mtu akasema, "Mwalimu huyu amechanganya mchele na pumba." Namwomba subira. Tukifika mwisho ataona kwa nini nimezitia habari hizi katika kapu moja.

Mshairi huyo jina lake lilikuwa Publius Ovidius Naso, nasi tutamwita Ovid kama wafanyavyo wengi. Alizaliwa mwaka wa 43 kabla ya Kristo katika Sulmo, mji mdogo ulioko kati ya milima ya Italia, mashariki ya Roma. Baba yake alitaka ajifunze sheria na kupata kazi ya serikali, maana mashairi hayamletei mtu mali. Kijana akajaribu kumtii baba yake, lakini haikuwezekana. Roho yake ilikuwa katika mashairi tu, naye akawa mtu mashuhuri katika mji wa Roma zama za Kaisari Augusto, yule atajwaye katika Injili ya Luka.

Kazi yake iliyo kubwa kuliko zote ni shairi liitwalo Metamorphoses. Neno hilo ni la Kiyunani, na maana yake ni kugeuka kwa maumbo. Lina vitabu 15, na mistari karibu 12,000, na ndani yake mna hadithi zipatazo 250. Kila hadithi yaeleza jinsi kitu kimoja kilivyogeuka kuwa kingine: mtu kuwa mti, au ndege, au jiwe, au chemchemi, au nyota. Shairi laanza na kuumbwa kwa ulimwengu, likaja likishuka mpaka siku zake mwenyewe, na katika kitabu cha mwisho roho ya Julius Caesar yapandishwa mbinguni ikawa nyota.

Sasa shikeni neno hili, maana tutalirudia. Hadithi hizo Ovid hakuzibuni. Nyingi zilikuwa za Wayunani, na nyingine za Warumi wenyewe. Zilikuwa zimesimuliwa na wazee kwa watoto karne nyingi kabla yake, nyingine zimeandikwa hapa na pale, nyingine zakaribia kusahauliwa. Wala si kwamba Ovid alisadiki kila neno la hadithi zile. Mara nyingi azisimulia huku akitabasamu. Alizikusanya kama mtu akusanyaye shanga zilizotawanyika, akazitunga katika uzi mmoja.

Nitawapa mifano michache. Alikuwako msichana jina lake Daphne, binti wa mungu wa mto. Mungu Apollo alimpenda akamfuatia mbio, naye hakumtaka. Alipoona ya kuwa anakaribia kukamatwa, alimlilia baba yake amwokoe. Mara miguu yake ikashika mizizi, gome likamfunika kifua, nywele zikawa majani, na mikono ikawa matawi. Apollo alipofika alikumbatia mti tu. Ndipo akasema kwamba, kwa kuwa hakumpata awe mke, majani yake yatakuwa taji lake. Ndiyo maana, wasema, majemadari wa Kirumi walipotoka vitani na ushindi walivikwa taji za majani ya mti ule.

Tena alikuwako Arachne, msichana mfumaji, aliyejisifu kuwa ashinda hata mungu wa kike wa ufumaji. Wakashindana, na kazi ya Arachne haikuonekana na dosari. Yule mungu akakasirika, akaipasua nguo, akampiga msichana. Arachne kwa uchungu akajitia kitanzi, lakini yule mungu akamgeuza kuwa buibui, naye afuma hata leo katika pembe za nyumba zetu. Hadithi hii wazee wa Ufipa wangaliielewa upesi, kwa maana wao nao walifuma nguo za pamba kwa kitanda cha mfumi kabla ya nguo za dukani kuenea, nao walijua wivu wa fundi kwa fundi.

Na tena alikuwako mfalme Midas. Alimtendea wema rafiki wa mungu Bacchus, akaambiwa aombe atakalo. Akaomba kila akigusacho kigeuke dhahabu. Akavunja tawi, likawa dhahabu. Akaokota jiwe, likawa dhahabu. Akafurahi sana. Kisha akaketi kula. Mkate ukawa mgumu mkononi mwake, na divai ikawa dhahabu kinywani. Ndipo akafahamu ya kuwa ameomba kifo chake, akalia aondolewe tajiri yake ile, akaenda kuoga mtoni ili kipawa kile kimtoke. Huyu Midas nitamrudia.

Hadithi ya nne ni ya wageni. Jupiter na Mercury, miungu wawili, walishuka wakajifanya wasafiri maskini. Wakabisha hodi katika nyumba elfu, zote zikafungwa. Nyumba moja tu iliwapokea, kibanda cha nyasi cha wazee wawili, Philemon na mkewe Baucis. Wakawapa wageni kiti, wakachochea moto, wakaandaa mboga za bustani yao, wakataka hata kumchinja bata bukini wao wa pekee. Kwa ajili ya wema huo wazee wale waliokolewa wakati gharika ilipowafunika jirani zao, kibanda chao kikawa hekalu, nao walipofikia mwisho wa maisha waligeuka miti miwili iliyosimama pamoja. Ninyi msomao Biblia mwakumbuka habari ya Paulo na Barnaba katika mji wa Listra, Matendo ya Mitume sura ya 14. Watu wa mji ule walipoona kiwete ameponywa, wakasema miungu imeshuka katika umbo la watu, wakawaita Zeu na Herme. Miungu hiyo ndiyo Jupiter na Mercury kwa majina ya Kiyunani, na nchi ile haiko mbali na mahali Ovid anapoiweka hadithi yake.

Basi shairi hilo lilifanya kazi gani duniani? Mwaka wa 8 baada ya Kristo, lilipokuwa karibu kumalizika, Kaisari Augusto alimhamisha Ovid, akampeleka Tomis, bandari iliyo pwani ya Bahari Nyeusi, ambayo leo ni mji wa Constanța katika Romania. Mwenyewe asema sababu zilikuwa mbili, shairi na kosa, na kosa hilo hakulitaja kamwe. Kabla ya kuondoka, kwa huzuni na hasira, alilitia shairi lake kubwa motoni. Lakini halikupotea, kwa kuwa rafiki zake walikuwa wamekwisha kulinakili. Alikufa kule ugenini yapata mwaka wa 17, asirudishwe nyumbani. Shairi likabaki.

Dola ya Roma ilipoanguka, vitabu vingi viliteketea. Kitabu hiki kilinakiliwa kwa mkono juu ya ngozi, karne baada ya karne, na watawa katika nyumba zao walikuwa miongoni mwa walioinakili kazi hiyo, ijapokuwa ni hadithi za miungu ya kipagani. Mwaka wa 1471 kikapigwa chapa kwa mara ya kwanza katika Italia. Tangu hapo mafundi wa picha na sanamu wakakigeuza kuwa ghala yao. Mchoraji Titian wa Venice, kati ya miaka ya 1551 na 1562 hivi, alimchorea mfalme Philip wa Pili wa Hispania picha kubwa sita zilizotokana na hadithi za namna hiyo. Velázquez wa Hispania alichora wanawake wakisokota nyuzi, na nyuma yao akamweka Arachne mbele ya yule mungu mwenye wivu. Rembrandt wa Uholanzi mwaka wa 1658 alichora kibanda cha Philemon na Baucis usiku, na mwanga wa ajabu ukitoka mezani walikoketi wageni.

Juu ya hao wote mimi naliajabia jiwe la Bernini. Fundi huyu wa Italia alichonga sanamu ya Apollo na Daphne kati ya mwaka 1622 na 1625, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipoianza. Iko katika mji wa Roma hata leo. Sijaiona kwa macho, nimeiona katika picha tu, lakini hata katika picha mtu hushika pumzi. Kidole cha msichana chaanza kuwa jani, na jani lenyewe ni jembamba kama karatasi, kumbe ni jiwe. Gome lapanda juu ya paja. Kinywa ki wazi, kilio hakijatoka. Hadithi yenyewe ni ya mtu aliyegeuka mti, na fundi amegeuza jiwe kuwa mtu wakati mtu yule anapogeuka mti.

Wala msifikiri habari hizi zilikomea Ulaya. Shakespeare, mwandishi wa Uingereza, alimsoma Ovid tangu utoto. Katika tamthilia ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili na ikapigwa chapa mwaka wa 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, mna mahali ambapo vijana wawili wakaa katika mbalamwezi wakikumbuka wapenzi wa kale. Mmoja wa hao ni Thisbe. Yeye na jirani yake Pyramus walizungumza kwa siri kupitia ufa wa ukuta, na damu yao ndiyo iliyoyatia weusi matunda ya mforsadi. Hadithi hiyo Shakespeare aliipata kwa Ovid. Basi tazameni njia yake: kutoka Babeli ya hadithi mpaka Roma, kutoka Roma mpaka London, kutoka London mpaka Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam mpaka dawati la mwanafunzi wa Sumbawanga. Ni mwendo wa miaka karibu 2,000, na katika njia yote hiyo ilikuwako karatasi au ngozi, na mtu aliyekubali kunakili.

Sasa na turudi nyumbani.

Uwanda wa Ufipa, kama mjuavyo, wasimama juu kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na mji wetu wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Ni nchi ya upepo na nyasi. Wenyeji husema jina lenyewe la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi, yaani mtu aingiapo aache mambo hayo nje. Katika nchi hii wazee walikuwa na hadithi yao ya mwanzo. Mtu wa kwanza, Ntatakwa, alianguka kutoka mbinguni, akaanzisha Milansi, kijiji ambacho jina lake hufasiriwa kuwa kijiji kisichokoma. Yeye na wazao wake wakawa wenye nchi, na ukoo wao ukahesabiwa kuwa wa wafua chuma.

Ikawa baadaye wakaja wageni, wanawake watatu waliotoka mbali. Mwenye nchi alikuwa amekwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alikuwa amemwonya mkewe kwamba wakija wageni asiwape kiti chake cha enzi. Wanawake wale wakafika, wakaomba mahali pa kukaa, naye mke kwa hofu au kwa ukarimu akakitoa kiti. Mume aliporudi akakuta mambo yamekwisha. Wageni wakaushika mlima wa Itwelele, na wazao wao, ukoo wa Twa, wakaitawala Ufipa, ambayo baadaye iligawanyika kuwa falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Lakini mwenye Milansi hakuuawa wala hakufukuzwa. Alibaki Milansi yake, akabaki na heshima ya mambo ya ardhi na ya mizimu, na hata wafalme wa Twa walimhitaji ili utawala wao uwe halali. Msomi mmoja, Roy Willis, aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960 akisikiliza masimulizi ya wazee, aliandika habari hizi kwa kirefu.

Iwekeni hadithi hii karibu na ile ya Philemon na Baucis. Pande zote mbili mgeni yuko mlangoni, na pande zote mbili aombwa kuketi. Kwa Ovid anayetoa kiti apata hekalu. Kwa Wafipa anayetoa kiti apoteza ufalme. Je, wazee wetu walikuwa watu wa choyo? Hasha! Walijua jambo moja ambalo hadithi ya Kirumi haikulisema, yaani kwamba mgeni anaweza kuigeuza nyumba nzima. Kisha wakaongeza jambo la pili lililo la hekima zaidi: aliyeshindwa asiangamizwe, apewe sehemu ambayo mshindi hawezi kufanya kazi bila hiyo. Mfalme aligeuka kuhani. Katika hadithi hii hakuna mtu aliyeota majani, lakini ni kugeuka hasa.

Na chuma je? Wazee wa Ufipa walijenga tanuru kwa udongo, refu kupita mtu, mengine yapata mita tatu. Chini waliacha matundu pande zote, wakatia mirija ya udongo ili hewa ipite. Ndani walipanga mkaa na mawe yenye chuma, tabaka juu ya tabaka, kisha wakawasha moto. Tanuru hilo kubwa halikuhitaji mifua. Urefu wake wenyewe ulivuta upepo kama bomba la moshi livutavyo. Mkaa ulipowaka kwa hewa chache ulitoa gesi inayoiondoa oksijeni katika jiwe, na kilichobaki ni chuma pamoja na takataka iliyoyeyuka, ambayo twaiita mavi ya chuma. Kisha donge lile lilichomwa mara ya pili katika tanuru dogo, na hapo mifua ilitumika, ndipo mhunzi akalifua likawa jembe, au shoka, au mkuki. Majembe ya Ufipa yalitafutwa na watu wa nchi za jirani.

Wazee hawakuihesabu kazi hii kuwa ya moto na mawe peke yake. Tanuru kwao lilikuwa kama bibi arusi, na chuma kilikuwa mtoto atakayezaliwa. Fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa, nyimbo ziliimbwa, na mafundi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Majembe ya kigeni yalipoletwa kwa wingi, kazi ile ikafifia, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ikakoma. Matanuru mengi yakaachwa yamesimama porini na mashambani, kama wazee waliosahauliwa na watoto wao.

Sasa nitawaambia jambo lililonipata mimi mwenyewe, wala si la kujisifu.

Katika utoto wangu palikuwa na tanuru moja karibu na njia tuliyopita kwenda shuleni. Lilikuwa limevunjika kidogo juu, na ndege walijenga ndani yake. Miaka ilipopita, nami nikiwa mwalimu wa chuo cha ualimu, nilitaka wanafunzi wangu walione. Tukaondoka Jumamosi moja asubuhi, watu kumi na wanane, na madaftari yetu. Tulipofika sikuona tanuru. Niliona shimo, na udongo mwekundu uliotapakaa, na vipande vya mirija. Karibu na shimo palikuwa na mzee akichunga mbuzi.

Nikamwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mmechelewa."

Akatuambia kwamba watu walikuja usiku na majembe na sururu. Walikuwa wamesikia ya kuwa Wadachi walipoondoka walificha dhahabu ndani ya tanuru.

"Wakapata nini, babu?" akauliza mwanafunzi mmoja.

"Mavi ya chuma," akajibu, naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Hapo nilimkumbuka Midas. Kitu kilichogeuza jiwe kuwa jembe, na jembe kuwa ulezi, na ulezi kuwa watoto, kilikuwa kimebomolewa na watu waliotaka kigeuke dhahabu. Wao nao, kama yule mfalme, hawakupata cha kula.

Tukaketi na mzee chini ya mti. Babu yake mzaa baba alikuwa mmoja wa mafundi. Akatueleza jinsi mahali pa tanuru palivyochaguliwa, na nani alikatazwa kukaribia, na neno gani fundi alilisema kabla ya kutia moto. Kisha akaimba wimbo mmoja, polepole, akisimama mara kwa mara kutafuta maneno. Mwanafunzi mmoja msichana aliandika kwa bidii. Wengine walisikiliza tu, nami pia nilisikiliza tu, kwa kuwa nilikuwa nikifikiri kwamba tutarudi. Mzee mwenyewe alisema ya kuwa nyimbo zote ni saba, na nyingine sita zitamjia akilini tukimpa nafasi. Tukaagana kwamba tutarudi baada ya mavuno.

Hatukurudi baada ya mavuno. Palikuwa na mitihani, kisha palikuwa na likizo, kisha mimi nilikuwa na shughuli zangu ambazo leo siwezi hata kuzikumbuka. Nilipokwenda mwaka uliofuata nilionyeshwa kaburi. Mjukuu wake akanikaribisha vema, akanipa kiti, akasema, "Sisi nyimbo hizo hatukuzijua, mwalimu. Alizoea kuimba akiwa peke yake na mbuzi."

Basi tulicho nacho ni kurasa nne za daftari na wimbo mmoja. Sita zimekwenda.

Katika kitabu chake cha mwisho Ovid amleta mwenye hekima aitwaye Pythagoras, naye afundisha kwamba kila kitu chini ya mbingu hugeuka. Usiku wawa mchana, mtoto awa mzee, nchi kavu yawa bahari na bahari yawa nchi kavu, wala hakuna kipoteacho kabisa. Ni maneno mazuri, na mara nyingi ni kweli. Mkulima wa Ufipa aliyajua bila kumsoma Pythagoras. Alipindua majani na udongo, akafanya tuta, na majani yakaoza ndani yake. Juu yake akapanda maharagwe, na msimu uliofuata akalitawanya tuta akapanda ulezi. Jani lilikufa, lakini halikupotea. Lilirudi katika chungu cha ugali.

Hata hivyo mimi nimefundishwa na shimo lile na kaburi lile kwamba si kila kitu hugeuka. Viko vinavyopotea. Daphne aligeuka, maana jani lake lilibaki katika taji. Arachne aligeuka, maana buibui angali akifuma. Mwenye Milansi aligeuka, maana ardhi ilibaki mkononi mwake. Katika kila hadithi ya kugeuka kuna sehemu ya kitu cha kwanza iliyohamia katika kitu cha pili. Nyimbo sita za mzee hazikuhamia popote. Na tofauti kati ya wimbo mmoja na nyimbo sita haikuwa uchawi wala bahati. Ilikuwa kalamu ya msichana mmoja.

Wako watu wema wanaoogopa hadithi za kale. Husema, "Tumekwisha kubatizwa, tumekwisha kusoma; kwa nini tuandike habari za mizimu na dawa za tanuru?" Nawajibu kwa heshima. Watawa walionakili hadithi za Jupiter hawakumwabudu Jupiter. Walijua kwamba kuhifadhi neno si kulisujudia. Kama wangalikataa, Bernini angalichonga kitu kingine, Rembrandt asingalipaka ule mwanga mezani, na vijana wa Mabepari wa Venisi wangalikosa wa kumkumbuka. Nani ajuaye ni fundi gani wa kesho, huko Nkasi au Kalambo, atakayechonga wale wanawake watatu mbele ya kiti cha enzi, ikiwa atazikuta habari zao? Mti hauchongwi bila mti kuwako.

Kwa hiyo, wasikilizaji wapenzi, na hasa ninyi wanafunzi, nawaomba mambo matatu, nayo ni madogo. La kwanza: mwezi huu mtafuteni mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, mkamsikilize, iwe juu ya chuma, au ufumaji, au kilimo cha matuta, au hadithi ya jioni. La pili: andikeni kama asemavyo yeye, kwa Kifipa chake ikiwa ndicho akisemacho, wala msiyanyoshe maneno yake yafanane na ya kitabu. La tatu: nakilini mara mbili. Daftari moja likae nyumbani kwenu, na la pili mpeni mtu wa nyumba nyingine. Kumbukeni ya kuwa Ovid alilitia shairi lake motoni kwa mkono wake mwenyewe, nalo likapona kwa sababu moja tu: lilikuwamo pia katika nyumba za rafiki zake.

Wala msiseme mtakwenda baada ya mavuno. Neno hilo mimi nalijua.

Zile kurasa nne tumezinakili mara tano. Wimbo ule mmoja wanafunzi wa chuo wauimba sasa, na sauti yake si ile ya mzee, kwa kuwa wao ni vijana wala hawasimami katikati kutafuta maneno. Umegeuka. Lakini mjukuu wake alipousikia siku moja, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Naam, ndio huo."

Kwaherini, na usiku mwema.